Kikopo Chenye Jina Langu

Mwanangu Zuhura,

Umetoka sasa hivi kuniwekea sikio mgongoni. Ulikuja kwa nyuma nikiwa naosha vikombe, ukanishika mabega kwa mikono yako yenye harufu ya nazi, ukalaza sikio hapa chini ya bega la kushoto. "Vuta pumzi, mama." Nikavuta. "Tena." Nikavuta tena. Ukangoja kidogo kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango, halafu ukanipiga mgongoni polepole ukasema kifua changu kimetulia kama chuo cha Kurani siku ya Ijumaa. Ukaingia chumbani kufunga mizigo, na mpaka sasa nakusikia unaimba.

Mimi nimekaa ukumbini na daftari lako la kidato cha kwanza, lile lililobaki kurasa. Unadhani naandika orodha ya vitu vya kumpelekea shangazi yako Mombasa. Naandika haya.

Kabla hujaja kunisikiliza nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya maji moto ya tangawizi. Nilijua utakuja. Tangu mdogo, ukitaka kuhakikisha jambo huja kwa nyuma. Nilikunywa ili nisikohoe, na sikukohoa, na nilipokusikia unaimba, nikaona siwezi kumaliza kuosha vikombe.

Nina kikohozi, Zuhura. Hii ni wiki ya tatu. Ile Jumatatu niliyokuambia nakwenda Lamu kuuza mikeka, nilikwenda kupigwa picha ya kifua. Tezi moja ya kifuani bado ni kubwa. Daktari wetu wa Mombasa ametumiwa picha, na anataka mwezi ujao niingizwe ule mrija wa kooni tena. Amesema yaweza kuwa kovu tu la ugonjwa wa zamani, na mimi namwamini. Lakini wewe ulisema mbele ya baba yako, mkono ukiwa kwenye sahani, kwamba ukisikia nimekohoa mara moja huendi popote. Nakujua, hukuwa unatania. Ulishaacha shule mwaka mzima kwa ajili ya kifua hiki, wenzako wakakupita, ukarudi ukakaa darasa moja na wadogo zao. Sasa chuo kimekuita. Kesho asubuhi boti inaondoka. Na mimi nina neno moja mdomoni linaloweza kukuzuia.

Baba yako analijua. Aliniambia juzi, alipokuja kutoka kazini kwake Ras Kitau, "Rukia, usipomwambia wewe, nitamwambia mimi." Akarudi kwenye jiko lake la hotelini na kuniachia.

Sitakuandikia habari za kula, za kulala wala za kuvaa. Hayo baba yako ameyasema, shangazi yako atayasema tena, na umeitikia "ndiyo baba" hadi imekuwa kama dua. Mimi nataka nikupe kitu kimoja ambacho sijampa mtu yeyote kikiwa kizima, hata baba yako ana nusu tu. Ni habari ya makohozi. Usicheke.

Inaanzia kabla hujajua kusoma, kule bandani tunakosukia mikeka. Unamkumbuka Bi Mize? Pengine unamkumbuka kwa sauti yake tu. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote hapa Kipungani. Ukili wake, ule ukanda wa kusuka, ulikuwa mwembamba na umenyooka, ukiushonea mkeka huoni mshono. Akapata kifua kikuu. Akaenda Lamu, akapewa dawa, na baada ya miezi miwili nesi alisema hamwambukizi mtu tena, akae na wenzake. Akarudi bandani. Hakuna aliyemfukuza, sisi si watu wa kufukuzana. Lakini kulikuwa na chai, na vikombe vilikuwa vya wote.

Mimi ndiye niliyemwekea kikombe chake. Cha bati, cha samawati. Na kwa kuwa vikombe vya samawati vilikuwa viwili, nilichukua unyuzi wa mwaa, jani letu la kusukia, uliotiwa rangi nyekundu, nikaufunga kwenye mkono wa kikombe chake ili tusikichanganye. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sikutumwa na mtu. Mwanaamina, msukaji mwenzetu, akanikonyeza akasema, "Rukia ana akili, jambo limekwisha bila kelele." Nikaona fahari. Bi Mize akaingia, akapewa chai, akautazama ule unyuzi, akanywa, akasema ahsante.

Baada ya hapo mnunuzi wa mikeka alipokuja kutoka Lamu alikuwa anauliza, upi wa Bi Mize? Tukamwonyesha. Akauweka kando. Mwaka haukwisha, Bi Mize akahamia Kiunga kwa kaka yake.

Kwa hiyo, mwanangu, kikohozi kiliponijia mimi, ukiwa na miaka kumi na sita, sikuogopa kufa. Kufa hata sikukufikiria. Nilikuwa naona ule unyuzi mwekundu.

Nikaanza kuficha. Nilikuwa najizuia mchana kutwa, halafu nikisikia koo limejaa nachukua mchi, nakwenda kwenye kinu, natwanga kwa nguvu na kukohoa humo humo ndani ya kishindo cha mtwango. Nilitwanga sana mwaka ule. Baba yako aliuliza kama mchele tunaula au tunataka kuupaka ukutani. Bandani nikawa nakaa mbali, upande wa upepo. Mwanaamina hakuniacha: "Rukia, yeo wasuka na upepo? Sisi twanuka?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikatimua mbio nikisema nimeacha chungu motoni. Chungu chenyewe kilikuwa kimeinamishwa kwenye kichanja.

Wewe ulikuwa unalala ubavuni mwangu, baba yako akiwa kazini. Miezi saba. Nilikuwa nakugeuzia mgongo usiku na kudhani mgongo ni ukuta.

Halafu ukapata mafua. Yale mafua makubwa ya mwaka ule, yaliyokufanya uzungumze kama kondoo. Nikakupeleka zahanati. Nesi akakupa dawa zako, akamaliza, na badala ya kumwita mwingine akanitazama mimi. Akasema, "Na wewe, Bi Rukia, hicho kikohozi ni cha lini?" Nikasema cha jana. Hakubishana. Akachukua kikopo kidogo chenye kifuniko, akaandika jina langu ubavuni kwa kalamu nyeusi, akanieleza: asubuhi, kabla hujasukutua, kohoa kutoka chini kabisa, uteme humu, ulete.

Asubuhi nilikishika kile kikopo nyuma ya nyumba. Nilikuwa na cha kutema, Mungu shahidi, nilikuwa nacho tele. Nikakitazama kikopo na jina langu. Nikaingia ndani, nikakuamsha.

Unakumbuka? Nilikuambia nesi anapima mafua ya watoto wa shule. Ukakaa kitandani nywele zimesimama, ukasoma ubavuni, ukauliza, "Mbona jina ni lako?" Nikakujibu kadi ni yangu, wewe huna kadi. Ukakohoa, ukatema, ukainua kikopo kwenye mwanga wa dirisha ukasema yamefanana na uji wa muhogo. Nikakipeleka.

Majibu yakaja safi. Uliniuliza majibu yako yalikuwaje, nikakuambia uko salama. Na kweli ulikuwa salama. Ambaye hakupimwa ni mimi. Lakini ngoja nikuambie kilichonishangaza hadi leo: nilifurahi. Nilifurahi kikweli, nikapika mkate wa mofa siku ile, nikawapelekea majirani, kana kwamba karatasi ile ilikuwa inanisema mimi. Mtu anaweza kujidanganya kwa mate ya mtoto wake na akashiba.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Nilivyokonda. Jasho la usiku, shuka unaianika kila asubuhi. Baba yako akaniburura Lamu, Lamu wakatutuma Mombasa, na wewe ukasema hubaki nyuma. Ukafunga vitabu ukaja. Mombasa nikaingizwa kwenye ile mashine kubwa ya duara, na daktari akatuonyesha kwenye kioo: katikati ya mapafu, pembeni ya njia ya hewa, tezi zimevimba, moja imekaa juu ya nyingine kama ndimu kwenye kikapu.

Akauliza, "Makohozi yalipimwa?" Nikasema yalipimwa. "Yakawaje?" Nikasema safi.

Akaandika. Nilimwona akiandika. Kisha akaweka kalamu, akasema kwa upole kwamba makohozi yakiwa safi na tezi zikiwa hivi, lazima afikirie mambo mengine, na akalitaja lile jina la ugonjwa ambalo sisi hatulitaji nyumbani. Baba yako alitoka nje. Wewe ulinishika mkono. Na mimi, Zuhura, nilikuwa na maneno manne tu ya kusema, yangembadilishia daktari hesabu yote, nikayameza. Nilikuwa radhi nifikiriwe nina saratani kuliko baba yako ajue nimefanya nini na mate yako.

Daktari alitueleza kipimo. Tezi zimejificha mahali ambapo sindano ya nje haifiki bila kupita kwenye pafu au moyo. Kwa hiyo wataingia kwa ndani. Mrija mweusi, mwembamba kama kidole cha mtoto, unapita mdomoni unashuka kwenye njia ya hewa. Mbele una taa na jicho. Lakini jicho linaona ukuta tu, halioni nyuma ya ukuta. Ndipo pale kwenye ncha kuna kitu kingine, kinatoa sauti ambayo sikio halisikii, sauti inapita ukuta, inagonga nyama ya nyuma, inarudi, na ikirudi inakuwa picha. Daktari anaiona tezi kwenye kioo, na sindano inatoka kwenye mrija huo huo, inatoboa, inachota kidogo, huku anaiona ikiingia.

Baba yako aliuliza sauti gani hiyo. Daktari akasema ni ile ile ya kumtazama mtoto tumboni.

Nikakukumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Lamu hospitali, tumbo limepakwa mafuta ya baridi, na yule mama akageuza kioo akasema, "Huyo." Sikuona mtu. Niliona kitu kimejikunja kama uduvi, katikati kinapepesa. Nikauliza kile kinachopepesa ni nini, akasema ni moyo. Niliacha shule kwa ajili ya uduvi ule, watu wakanionea huruma, na sikumwambia mtu kwamba mimi sikuona nimepoteza chochote. Sasa sauti ile ile iliyonionyesha wewe ilikuwa inakuja kutafuta nilichoficha.

Siku ya kipimo mtambo ukawa mbovu. Hilo unalikumbuka kuliko mimi, maana ndipo ulipoipata kazi unayokwenda kuisomea. Tulikaa kwenye lile benchi siku tatu, na wagonjwa wengine, kila mmoja na kifua chake. Ndani ya chumba yule fundi, Bi Saida, amekaa chini sakafuni, mikono ya buibui imekunjwa hadi kwenye viwiko, skrubu kazipanga kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Mlango ulikuwa wazi na wewe ulikuwa unasogea, hatua moja, hatua moja, kama kuku anayenyemelea mchele. Mwisho akasema bila kuinua kichwa, "Ingia, lakini ukigusa nitakufunga ndani ya mashine." Ukaingia. Hukutoka mpaka adhuhuri. Nilikusikia ukiuliza, na yeye akijibu, na mara moja mkacheka wote wawili. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu tuondoke nyumbani.

Siku ya tatu ukaja na habari. Tatizo lilikuwa dogo: kichwa cha waya unaounganisha mrija na kioo. Mtu aliyekuwa anausafisha aliukanyaga au aliubana mlangoni, ukapinda, akaunyoosha kwa mkono, akaurudisha kabatini, akanyamaza. Bi Saida alisema angeambiwa siku ile ile angemaliza kwa saa moja. Kwa kuwa hakuna aliyesema, waya ukatumika umepinda, ukaunguza kingine.

Benchi zima likapandwa na hasira, na mwenye sauti kubwa nilikuwa mimi. Nilimsema mtu yule nisiyemjua. Nilisema ana moyo gani, anawaona watu wanakonda hapa naye amenyamaza ili asigombezwe. Nikasema watu kama hao Mungu awaonyeshe. Baba yako alinitazama, hajazoea kunisikia hivyo.

Wewe ukasema, "Mama, huenda aliogopa."

Basi. Ukarudi ndani kumshikia Bi Saida tochi.

Nilikaa pale na neno lako kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha nikaondoka, nikamwambia baba yako nakwenda msalani, nikagonga kwa daktari. Alikuwa anakula ndizi. Nikasimama mlangoni nikasema, "Makohozi yale hayakuwa yangu."

Akaiweka ndizi. "Yalikuwa ya nani?"

"Ya mwanangu. Alikuwa na mafua."

Akasema, "Basi serikali imempima mwanao mafua kwa darubini." Nikaangua kilio, na yeye akanisukumia kiti. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, ambalo sikulitegemea: mwanangu analala wapi?

Ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile nilikuwa nimehesabu nitakachopoteza mimi: banda, chai, wanunuzi. Wewe nilikuweka kwenye hesabu ya kinga, si ya hatari. Unakumbuka alivyokuja akasema kila anayemsindikiza mgonjwa lazima apigwe picha ya kifua, ndiyo kanuni? Hakukuwa na kanuni. Nilimwomba aseme hivyo. Ulikwenda unalalamika kwamba unakosa kuona Bi Saida anavyofunga kifuniko. Mimi nikabaki kwenye benchi, na nakuambia, mrija, sindano, dawa ile ya kupuliza kooni iliyo chungu kama shubiri, kuamka sauti imekauka na mate yenye damu, vyote hivyo kwangu havikuwa kitu. Siku yangu ngumu ni ile nusu saa uliyokuwa ndani ya chumba cha picha. Ulitoka unafunga vifungo, ukaniuliza mbona nimekaa kama nimeona jini.

Kifua chako kilikuwa safi. Safari hii kwa jina lako mwenyewe.

Kipimo changu ulikiona, Bi Saida alikuombea ukae nyuma ya dirisha la kioo. Baadaye majibu yakatoka: si lile tuliloogopa, ni kifua kikuu, kimejificha kwenye tezi. Daktari alinipima na makohozi yangu mwenyewe kwanza, safari hii nikatema yangu, nayo hayakuonyesha kitu. Akaniambia pengine hata mara ya kwanza yasingeonyesha, na ugonjwa ukikaa kwenye tezi peke yake kwa kawaida hauambukizi. Pengine. Nimeligeuza neno hilo miaka mitatu sasa. Pengine sikukudhuru na nisingekudhuru. Lakini nilipokuwa nakugeuzia mgongo usiku sikulijua hilo, na nilichagua nisijue. Sitaki ulichukue neno la daktari likanisafisha.

Zikafuata dawa za miezi sita, zile ulizosema zinanifanya nikojoe soda ya machungwa. Ulizihesabu, ulisimama mlangoni na glasi kila asubuhi, na kwa kusimama hapo mwaka wako ukaenda. Sikuwahi kukuambia kwamba mwaka ule niliuchukua mimi. Nikawaacha watu waseme ni ugonjwa.

Nilipomaliza dawa nilimpigia simu Bi Mize Kiunga. Namba niliitafuta kwa watu wa samaki. Nilikuwa nimeandika la kusema kwenye karatasi, nikalipoteza lote aliposema "Nani?" Nikamwambia ni Rukia, nikamwambia ule unyuzi niliufunga mimi. Akacheka, kile kicheko chake. "Rukia mwanangu, kwani nilikuwa sijui? Wewe ndiwe uliyekuwa ukifunga fundo la kushoto." Akasema kikombe alikichukua akaondoka nacho, unyuzi akaukata ndiani akielekea Kiunga, na hiyo asubuhi alikuwa amekinywea chai. Kisha akaniuliza, "Na wewe walikufungia?" Nikasema hapana, maana sikuwaambia. Akasema, "Ah." Hiyo "ah" yake bado ninayo.

Mpaka leo bandani wanajua niliumwa tezi. Bado sijawaambia ni tezi za nini. Nimejaribu mara mbili. Mwenzio si shujaa, Zuhura, najifunza polepole. Lakini Jumatatu ile Lamu, walipompa tena mama yako kikopo, nilitema mwenyewe, mbele ya nesi. Nikamwomba asigeuke.

Sasa ujue ninachotaka. Nataka uende. Nataka kwa roho yote, na wakati huo huo nimeanza kukukumbuka ukiwa chumba cha pili. Nasikia unavyoburuta kandambili moja zaidi ya nyingine. Naiona ile redio ya marehemu babu yako uliyoifungua tukabaki na skrubu tatu zisizo na mahali, na bado inaimba. Nimejiuliza kesho saa kama hii nitaitikia nini nikisikia mlango wa uani, na ni upepo. Nikioka mofa nitaoka mangapi? Nimezoea kukuona ukivunja la kwanza likiwa moto na kujipuliza vidole. Wanawake wengine huzaa wakiwa watu wazima, wakawalea watoto. Mimi na wewe tumekua pamoja, na sasa mwenzangu anaondoka.

Na najua unaweza kusoma hapa, ukafungua begi, ukatoa nguo moja moja. Ukaniambia chuo kitakuwepo mwakani. Nakuomba ufikirie kwamba kipimo chenyewe kiko Mombasa. Ukiwa chuoni utakuwa karibu na kile chumba kuliko ukiwa hapa na mimi. Siku yangu ikifika, uombe ruhusa asubuhi, uje ukae kwenye lile benchi na baba yako. Ikiwa Bi Saida bado yupo, nenda kamsalimie kwanza, mimi nitangoja. Likiwa ni kovu, tutakula biriani mjini. Likiwa ni ule ugonjwa umerudi, dawa zipo, nimezijua, nitazinywa, na bandani nitasema jina lake. Likiwa ni jingine, utaambiwa na daktari saa ile ile nitakayoambiwa mimi. Hilo nakuahidi, na safari hii nimeahidi kwa maandishi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya nguo zako, uikute ukiwa umeshapita Mokowe, basi linakwenda, huwezi kurudi. Niliona ni busara. Nimeandika hadi hapa ndipo nikaona ni tabia yangu ile ile: nakata shauri mimi, halafu wewe unaambiwa limekwisha. Umri wako ni kumi na tisa. Mimi umri huo nilikuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni na nilikuwa naamua kila kitu. Sikupi nafasi ya kuamua kwa sababu naogopa utaamua nini.

Sasa unaniita. Zipu imekwama na unataka nije nikae juu ya begi. Mtu anayekwenda kusomea mitambo ya hospitali. Nakuja, mama, nakuja na daftari mkononi, ulisome hapo hapo nikiwa nimekaa, nikohoe nikikohoa, na ukimaliza, lolote utakalosema juu ya kesho, mimi nitalikubali.